Sifuri ya Uongo

Mafundi wote wa mji walimwita Pua, na wala hakuwa na pua kubwa. Walimwita hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kunusa kile ambacho pua ya binadamu haiwezi kukinusa. Halmashauri ilimtuma kwenye maegesho ya chini ya majengo, kwenye maghala, kwenye vyumba vya jenereta, kwenye karakana za magari, popote palipo na injini ndani ya kuta nne, naye aliingia na kipima gesi kidogo kimebanwa mfukoni mwa shati. Kipima kikinyamaza, alisema asante akaenda zake. Kikilia, aliwatoa watu nje, akafunga mlango na kubandika karatasi nyekundu, na mwenye mahali akabaki kumtazama kama mtu aliyekuja kumtapikia mezani. Kazi ya namna hiyo haimpi mtu marafiki. Pua aliridhika kuwa na kaka.

Kaka huyo alimpoteza mara mbili.

Alikuwa fundi magari, mkubwa kwake kwa miaka mingi, mtu wa mabega mapana na maneno machache, ambaye wateja walimwita Klachi. Wazazi wao walikufa mapema, kwa hiyo Klachi ndiye aliyemvalisha mdogo wake viatu, akamsomesha, akamchapa alipostahili na mara nyingine asipostahili. Pua alipopata kazi ya gesi, zawadi ya kwanza aliyompelekea kaka yake haikuwa nguo wala saa. Alimpelekea kengele ya gesi ya kutundika ukutani, kisanduku cheupe chenye taa ya kijani na namba ndogo, akamfundisha kukitumia.

"Kaka, hiki hakina akili yake," alimwambia. "Hakijui hewa safi ni ipi mpaka ukiambie. Asubuhi, milango ikiwa wazi na hakuna gari lililowashwa, unakishikia sumaku hapa ubavuni. Hewa itakayokikuta saa hiyo ndiyo kitaiita sifuri. Kuanzia hapo, kikinusa kitu kibaya kuliko hicho, kinapiga kelele."

Mafundi wakakipa kisanduku jina la Mmbea siku hiyohiyo, kwa kuwa hakikujua kuficha siri.

Msimu mmoja wa mvua Pua alipangiwa kukagua mtaa wa karakana, na ya kaka yake ikiwemo. Wakubwa wangemruhusu ampishe mwenzake. Yeye akakaza shingo, akasema ya kaka yake ataikagua mwenyewe, maana hataki mtu aseme anapendelea. Aliwakuta wamefunga mlango kwa ajili ya mvua, magari mawili yanaunguruma ndani, Mmbea analia mpaka sauti inamkauka, na fundi mmoja anatapika kwenye ndoo huku wenzake wakimtania kwamba ana mimba. Pua hakumwita kaka yake pembeni. Aliwatoa wote mvuani, mafundi na wateja, akabandika karatasi nyekundu kwenye mlango ambao alipokuwa mdogo aliupaka rangi yeye mwenyewe.

"Mimi niliyekubeba mgongoni ukiwa na surua," Klachi alisema, maji ya mvua yakimtiririka kidevuni, "leo unanibandika karatasi mbele za watu?"

"Kaka, mngekufa humu."

"Ungeniita pembeni ukaniambia. Ningefunga mwenyewe." Kisha akauinua mkono wake wa kulia, akautazama, akautia mfukoni. "Huu hutaushika tena."

Karakana ilifunguliwa baada ya feni kubwa kuwekwa ukutani. Mkono haukutoka mfukoni. Pua alijiambia atakwenda wiki ijayo kuomba radhi, na ubaya wa wiki ijayo ni kwamba haifiki. Kiharusi kikamwahi. Alipofika hospitali alikuta shuka limeshamfunika kaka yake uso. Akaufunua mkono wa kulia, akaushika, na papo hapo akaona haya, maana alikuwa anampa mkono mtu asiyeweza kukataa. Tangu siku ile jambo moja lilimkaa kooni. Je, kaka yake alikufa akiwa bado amemkasirikia? Hilo tu. Angetoa chochote kulijua, na hakuna kifaa duniani cha kulipima.

Basi, siku Bisibisi alipokuja ofisini, jua lilikuwa limeshapita utosi na Pua alikuwa anakula mkate wake peke yake. Bisibisi alikuwa fundi wa Klachi wa siku nyingi, mwembamba kama jina lake, mtu wa mizaha isiyokwisha. Siku hiyo hakuja na mzaha wowote. Alikaa ukingoni mwa kiti akiizungusha kofia mikononi.

"Kaka Pua, usinicheke."

"Sijacheka."

"Bosi amerudi."

Pua aliacha kutafuna. "Bosi gani?"

"Kwani mimi nina mabosi wangapi? Anakuja alasiri, tukishafunga mlango vumbi lisije likaharibu rangi. Anakaa kwenye kile kiti cha basi kilichoegemezwa ukutani, palepale alipokuwa akipumzika. Mimi nimemwona mara moja, nikatoka mbio mpaka kiatu nikakiacha. Mama yeye humwona karibu kila siku." Mama alikuwa mjane wa Klachi, aliyeishika karakana tangu msiba. "Anamwongelesha kabisa, kaka. Anamwambia nani kaleta gari gani, nani kajifungua. Mimi napiga msasa huku nywele zimenisimama."

"Na wewe kichwa hakikuumi?"

"Siku hizi nani haumwi kichwa?"

"Miguu je? Inalegea?"

"Inalegea sana. Nikitoka nje nikapunga upepo kidogo, inarudi."

Pua alijua hapo hapo, hata kabla ya kuinuka. Ilikuwa gesi ya moshi wa injini, ile isiyo na rangi wala harufu, inayoingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa, na ubongo ukikosa hewa huanza kujitengenezea mambo. Aliwahi kumkuta mlinzi wa maegesho ya chini ya ardhi akicheza karata na mama yake marehemu, na mlinzi akamlalamikia kwamba mama anaiba. Dawa ya mizimu ya aina hiyo ni kufungua mlango. Alikwishazishika funguo za pikipiki aende akawatoe watu, Bisibisi akaongeza maneno.

"Mama ndiye kanituma. Anasema bosi anakaa kama mtu anayemsubiri mtu. Anasema huenda anakusubiri wewe."

Haya, na mtu mzima mwenye akili timamu, aliyesomea gesi na kuapa kulinda uhai wa watu, anasikia maneno kama hayo na moyo unamruka kama wa mtoto aliyeahidiwa safari. Pua alijikemea. Alipanda pikipiki, Bisibisi nyuma yake, na njia nzima alijiambia kwamba anakwenda kufungua mlango tu, wala hana lingine.

Umeme ulikuwa umekatika walipofika, kama ulivyokatika alasiri nyingi. Mlango mkubwa wa bati ulikuwa umefungwa, kikabaki kijilango cha pembeni. Ndani mlikuwa na giza la kijivu na harufu kali ya rangi mbichi, kwa kuwa gari dogo lililopuliziwa buluu asubuhi lilikuwa katikati ya sakafu likikauka. Feni kubwa ilisimama kimya, mapanga yake yamejaa vumbi. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mngurumo. Jirani, muuza samaki wa barafu, alikuwa ameweka jenereta kwenye uchochoro uliozibwa huku na huku, na moshi wake, kwa kukosa pa kwenda, ulipenya kwenye matundu ya hewa chini ya ukuta wa karakana. Kwa hiyo kila umeme ulipokatika, feni ilikufa na jenereta likaamka. Pua aliyaona yote hayo kwa kugeuza kichwa mara moja tu. Mfukoni kipima chake kilianza kutetemeka, kikafungua mdomo kulia, naye akakibonyeza kikanyamaza.

Mjane alikuwa peke yake kwenye meza yake karibu na kile kiti cha basi, mafundi wengine wametoka kusubiri umeme urudi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kusimamisha lori, aliyewashika mafundi wa mumewe sawasawa baada ya watu kutabiri kwamba watamkimbia. Sasa macho yake yalikuwa mekundu, na alimpokea shemeji yake taratibu, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Shemeji. Umekuja kweli."

"Nimekuja, shemeji. Pole na kazi."

"Kaa. Bado hajafika. Leo kachelewa kidogo."

Pua hakukaa. Alikuwa anamtazama Mmbea pale ukutani. Taa ya kijani ilikuwa inawaka vizuri na namba ilisoma sifuri. Alikitoa kipima chake akakisoma kwa siri ya kiganja, na namba aliyoiona ilikuwa ile ambayo siku nyingine ingemfanya apige kelele watu watoke wameacha viatu. Chumba kilekile, hewa ileile, kisanduku kimoja kinasema sumu na kingine kinasema hakuna kitu.

"Shemeji, nani amekigusa hiki?"

"Mmbea? Mimi namtuliza." Mjane aliinuka kwa kujishika meza, akachukua sumaku ya kuokotea nati zilizoanguka ndani ya injini, ile yenye mpini mrefu, akaipitisha ubavuni mwa kisanduku polepole, kama anayempangusa mtoto pua. "Akianza kulia, unamshikia hapa, basi ananyamaza. Ndivyo alivyofanya marehemu. Baada ya ile karatasi yako hakutaka tena kumsikia. Alisema, huyu mdogo wangu kamfundisha kelele, mimi nitamfundisha adabu. Alipofariki nikaendelea. Kila akilia, namtuliza kama mwenzangu alivyomtuliza."

Pua aliitazama ile sumaku, akaelewa. Kila alasiri, katikati ya moshi, walikuwa wamekishikia kisanduku sumaku na kukiambia kwamba hii ndiyo hewa safi. Nacho kikatii. Moshi ulipozidi kikalia tena, wakakituliza tena, na kila mara sifuri yake ikapanda juu zaidi, hadi kikafika mahali ambapo mtu angeweza kufa chini yake na kisanduku kikaendelea kuwaka kijani. Na nani aliyemwonyesha Klachi sumaku? Yeye mwenyewe, kwa mikono yake, siku ya zawadi.

Hapa ndipo mtu angetarajia kwamba Pua alikimbilia mlango. Hakukimbia. Alimgeukia Bisibisi, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hebu nenda kaninunulie maji ya kunywa. Mbali kidogo, pale kona, ya hapa karibu ni ya moto." Bisibisi, ambaye hakuwa anangoja sababu nyingine ya kutoka, akatoka. Kijilango kikajifunga nyuma yake. Alikuwa amemtoa mmoja, na hilo Pua alijihesabia kuwa jema, kama mwizi anayejisifu kwa kuacha kijiko kimoja.

Mwanamke yule hakumtoa. Alimhitaji. Bila yeye, nani angemwambia kwamba kaka amefika?

Alijua vizuri kinachofuata. Alikuwa akiwafundisha watu kwa picha za kubandika: kwanza kichwa, halafu kichefuchefu, halafu miguu, halafu uzito mtamu wa usingizi, na baada ya usingizi huo watu hubebwa. Alijua pia kwamba kwa namba ile mtu mwenye afya ana muda kidogo. Akajiambia, dakika chache tu. Wengi aliowakuta wamekufa, wamekaa vizuri kwenye viti vyao, walikuwa wamejiambia hivyohivyo. Aliijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote mjini, na bado akavuta kigoda akakaa kukielekea kile kiti cha basi.

Walikaa. Jenereta liliunguruma. Mjane alimwuliza habari za watoto, naye akajibu, na majibu yake mwenyewe aliyasikia kana kwamba yanatoka chumba cha pili. Mshipa wa kwenye paji la uso ulianza kumpiga.

"Huyo," mjane alisema.

Pua aligeuka upesi. Kiti cha basi kilikuwa kilekile, ngozi imepasuka, sponji imetokeza.

"Wapi?"

"Si huyo anakaa. Karibu, baba. Leo una mgeni." Uso wa mjane ulikuwa umelainika, umekuwa wa msichana. Hakuna mtu anayeweza kuigiza uso ule. "Shemeji, huoni? Yupo mbele yako hapo."

Pua alitazama hadi macho yakamtoka. Aliona sponji. Aliona doa la grisi, na jinsi mwanga wa tundu la bati ulivyoanguka juu ya mto mtupu. Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, kwa makusudi, yeye ambaye alishawapigia watu kelele kwa kuvuta pumzi moja fupi mahali kama pale. Akaivuta nyingine. Akafumbua.

Sponji.

"Anafanya nini?" aliuliza.

"Amekaa tu."

"Ananitazama?"

"Ameinamisha kichwa. Anakusikiliza, nadhani. Mwambie unachotaka kumwambia, huyu hajawahi kusema neno, anasikiliza tu."

Basi Pua akaongea na kiti. Ulimi wake ulikuwa mzito na maneno yalitoka moja moja. "Kaka, ni mimi. Nilikuja hospitali, nikachelewa. Sitakudanganya. Kufunga ningefunga, hata leo ningefunga, mngekufa wote. Lakini nilipaswa kukuita pembeni. Nilitaka watu waone kwamba sipendelei. Nikakuvua nguo mbele za watu ili mimi nionekane msafi. Kesho yake nilipaswa kuja, na sikuja, na keshokutwa yake sikuja. Kaka, nimekuja sasa. Kama umenisamehe, nionyeshe uso tu. Usiseme kitu. Uso tu."

Alisubiri. Machozi yalimlowesha na hakuyafuta, akiogopa kupepesa jicho asije akampita. Kitu kilianza kujikusanya pembezoni mwa macho yake, weusi fulani, naye akasema ndiye, ndiye huyo anakuja. Akajivuta mbele. Weusi ule ulikuwa wa macho yake mwenyewe kufifia tu, haukuwa na mabega wala kichwa.

"Shemeji, anasemaje? Kafanya nini?"

Hakujibiwa. Akageuka. Mjane alikuwa ameteleza kutoka kwenye kiti chake, ameegemea mguu wa meza, midomo imekuwa myekundu kupita kiasi, na tabasamu lake bado liko usoni. Sumaku ilikuwa imeanguka pajani mwake.

Hofu iliyompata Pua hapo ilikuwa kubwa kuliko majonzi yake yote. Aliinuka, miguu ikamkataa, akaanguka juu ya gari la buluu na kuacha kiganja chake kizima kwenye rangi mbichi. Akamfikia kwa magoti. Akamshika makwapani, akavuta. Alikuwa mzito, na Pua hakuwa na nguvu hata za kumega mkate. Kwa mara ya kwanza alasiri hiyo alisahau kukitazama kile kiti. Alivuta, akapumzika, akavuta, akalia kwa sauti akiita "Bisibisi! Bisibisi!" kwa mdomo uliojaa mate, na alipofika kijilangoni kikafunguliwa kutoka nje. Bisibisi alitupa chupa ya maji, akamshika mama yake wa kazi miguuni, wakatoka wote watatu wakaanguka vumbini kwenye hewa ya barabarani, ambapo watu walianza kukusanyika na kuuliza nani kapigwa.

Hospitali waliwafunga barakoa za oksijeni, vitanda vikiwa vimetengwa na pazia. Daktari alimwambia Pua kwamba shemeji yake ataamka, na kwamba wangechelewa kidogo tu maneno yangekuwa mengine. Hakumwuliza kwa nini mtu wa gesi alikutwa humo ndani. Pua alitamani amwulize. Alilala akiangalia dari, na aibu ikamkaa kifuani kuliko hata moshi, kwa kuwa alikuwa amemweka mke wa kaka yake kama chambo, na kaka hakuja.

Asubuhi walivua barakoa. Pazia likasogezwa. Mjane alikuwa amekaa kitandani, nywele ziko ovyo, sauti yake ya lori imeanza kurudi. Pua akaenda akakaa karibu naye, akamweleza kila kitu: jenereta la jirani, uchochoro uliozibwa, feni isiyo na umeme, sumaku. Alimwambia pia alichokifanya yeye, kwamba alijua tangu mlangoni na akakaa makusudi, na kwamba alimtuma Bisibisi nje, yeye mjane akamwacha ndani. Hakujipaka mafuta. Mjane alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulitaka kumwona," alisema.

"Nilitaka kumwona."

"Mimi ungeniua."

"Ningekuua, shemeji."

Mjane alijivutia shuka hadi kifuani. Kisha akasema, "Hebu niambie. Unasema ni gesi ndiyo ilikuwa inanionyesha. Lakini hewa tulivuta ileile, mimi na wewe, chumba kimoja. Wewe ulimwona?"

"Sikumwona."

"Basi ingekuwa gesi, si ungemwona na wewe?"

"Si kila ubongo..." alianza.

"Ngoja. Nikuambie kitu sijamwambia mtu." Mjane alisogea, akashusha sauti, na macho yake yalikuwa maangavu kabisa, hayana ugonjwa. "Siku zote alikuwa anakuja na ovaroli lake la kazi. Kila siku, lile la grisi. Jana ulipoingia wewe ndipo alipokuja na lile shati la harusi yako. Lenye mistari ya kijani. Unalikumbuka? Alilivaa siku ile aliposimama kando yako, akalikunja, akasema hili ni la mdogo wangu, silivai popote pengine. Lipo kabatini hadi leo. Jana alilivaa, shemeji. Ameoga, amechana nywele, amelivaa. Nilitaka kukuambia, ulimi ukaniwia mzito."

Pua alishika ukingo wa kitanda. Alilikumbuka. Alikumbuka hata kifungo cha shingoni kilivyomkaba kaka yake akakataa kukifungua siku nzima kwa ajili ya heshima. Kitu alichokuwa anakitafuta tangu shuka lile la hospitali, kitu alichokaribia kuua mtu kwa ajili yake, kilikuwa kimewekwa mikononi mwake, na alitaka kukifunika kwa mwili wake mzima kisipeperuke.

"Sasa wewe ndiye mjuzi," mjane aliendelea. "Nami nitashika neno lako, sitauliza mwingine. Ukisema ni gesi, leo hii namwambia Bisibisi aung'oe ule mlango wa bati, jirani ahamishe jenereta lake, karakana ikae wazi mchana kutwa. Ukisema alikuwa yeye, basi leo alasiri nitafunga mlango nikae, maana mimi sijamaliza kuongea na mume wangu. Sema. Alikuwa yeye?"

Nje ya dirisha mtu alikuwa anaita namba za wagonjwa. Kumwambia kwamba ubongo wa mke anayesubiri upatanisho ndio uliomvalisha mumewe shati ilikuwa rahisi, na huenda ilikuwa kweli, na Pua hakuwa na njia yoyote ya kujua.

"Ilikuwa gesi, shemeji."

"Na shati?"

"Na shati pia."

Mjane alimtazama sana, akitafuta kitu usoni mwake. Kisha bega lake likashuka, akageukia ukutani na kuanza kulia, kilio kirefu ambacho hata siku ya mazishi hakukitoa.

"Kwa hiyo hakuja," alisema huko ukutani.

"Hakuja," Pua akasema.